Usingizi wa Mkopo: Historia Fupi ya Bia ya Jioni

Kuna maneno utayasikia kwenye baa nyingi za mijini ikishafika saa tatu usiku: "Ongeza moja ya kulalia." Anayeyasema hajioni mlevi hata kidogo. Anajiona mtu mwenye utaratibu wake, anayeufunga mchana kama mwenye duka anavyofunga mlango. Na huyasema kwa uhakika sana, kana kwamba ni methali tuliyoachiwa na mababu.

Si ya mababu. Pombe ni ya zamani Afrika Mashariki, na usingizi ni wa zamani zaidi. Lakini ndoa ya hivi vitu viwili, yaani mtu kunywa kila jioni ili apate kulala, ni jambo la juzijuzi. Na ndoa hiyo ina washenga wake watatu: chupa, saa ya ukutani na mshahara.

Nalifuatilia jambo hili kwa sababu linanihusu. Kazi yetu ya habari huisha usiku, kichwa bado kinachemka, na njia fupi ya kukipoza inajulikana. Sasa hivi napunguza. Kila aliyejaribu kupunguza anajua kinachofuata: unapanda kitandani saa tano ukiwa timamu kabisa, halafu unageukageuka mpaka jogoo wa jirani anawika. Usiku wa tatu wa namna hiyo, kuna sauti inakuambia, "Si unaona? Bia ndiyo ilikuwa dawa." Wengi wanarudi baa hapo hapo, tena wakiamini kwamba wamekosa nia. Nadhani historia inaweza kuwatetea kidogo.

Pombe iliyokuwa na siku zake

Tuanze na jambo la kawaida kabisa: pombe zetu za asili haziwekeki. Mbege ya Wachagga, ya ndizi na ulezi, huchukua siku kadhaa kuandaliwa, na ikishaiva inatakiwa inywewe upesi kabla haijawa kali mno na kuharibika. Ulanzi wa Iringa na Njombe hutoka kwenye machipukizi ya mianzi na hupatikana kwa wingi msimu wa mvua. Pombe ya mtama au mahindi ilihitaji nafaka ya ziada, kwa hiyo ilifuata mavuno. Hakuna aliyeweza kuweka kibuyu kabatini akajimiminia glasi moja kila siku saa mbili usiku. Pombe ilipoiva, watu waliitana. Ilipokwisha, ilikwisha.

Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameifuatilia historia ya pombe Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1850 hadi 1999. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mamlaka: nani anaruhusiwa kunywa, mbele ya nani, na kwa idhini ya nani. Katika jamii nyingi pombe ilikuwa ya wazee wa kiume. Ilikuwa ya mahari, ya matambiko, ya kusuluhisha ugomvi, ya kuwashukuru majirani waliokuja kusaidia kulima. Kijana aliyelewa ovyo alikuwa anavuka mpaka wa umri wake. Tusiipambe picha hiyo sana, maana wanawake waliotengeneza pombe mara nyingi hawakuwa na sauti katika kuigawa, na walevi walikuwepo. Lakini pombe ilikuwa na siku yake, sababu yake na watu wake. Usingizi haukuwa miongoni mwa sababu hizo.

Pwani kuna tofauti moja inayopaswa kutajwa. Mnazi hutoa tembo kila siku, na mgema hupanda asubuhi na jioni. Hapo kunywa kila jioni kuliwezekana. Lakini tembo linalogemwa asubuhi likiwa tamu linakuwa kali kabla jua halijazama, na kesho yake ni siki. Tena pwani ni ya Waislamu kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mnywaji wa tembo alikuwa na mambo mengine ya kuwaza kuliko kutangaza kwamba analitumia kama dawa ya usingizi.

Chupa, saa na mshahara

Mwaka 1922 ndugu wawili wa Kiingereza, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na inasimuliwa kuwa ndiyo asili ya jina la bia ya Tusker. Kisa hicho kinajulikana. Kisichozungumzwa sana ni kile chupa ilichokibadilisha. Bia ya chupa haiharibiki kesho. Inakaa. Unaweza kununua moja, ukaacha nyingine, ukarudi kesho yake, na keshokutwa. Kwa mara ya kwanza kileo kilipatikana kwa kipimo kile kile siku zote za mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe, mavuno yawepo au yasiwepo.

Hapo mwanzo chupa hiyo haikuwa yetu. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulipiga marufuku kuingiza pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya Afrika, na sheria za makoloni zikaongeza vizuizi vyake. Mwafrika wa Kenya au Tanganyika alikatazwa pombe kali za Kizungu, na bia ya chupa nayo ilizungushiwa uzio wa sheria mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliyekuwa na ruhusa ni Mzungu aliyekaa barazani. Na huyu alikuwa na desturi yake: kinywaji cha machweo. Jua likizama, boi analeta trei. Katika makoloni ya Waingereza desturi hiyo ilichukuliwa kama alama ya kujiheshimu, kwamba muungwana hanywi kabla jua halijazama. Sharti la kuzuia ulevi wa mchana likawa ratiba ya kunywa kila jioni.

Upande wa pili wa mji palikuwa na kilabu cha pombe. Mfano ulitoka Durban, Afrika Kusini, ambako tangu mwaka 1909 manispaa ilijipa haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe na kutumia mapato kuendesha makazi yao. Nairobi iliiga mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ukumbi wake wa pombe Pumwani. Mtu alihama kwao, akaacha wazee waliokuwa wanaamua siku ya pombe, akafika mjini akakuta siku hiyo inaamuliwa na karani wa manispaa. Kuna saa ya kufungua na saa ya kufunga. Kuna mwisho wa mwezi. Mchana ni wa mwajiri, na kilichobaki kwa mfanyakazi ni jioni.

Hili Waingereza hawakulianzia kwetu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali yao ilizibana saa za baa kwenye maeneo ya viwanda vya silaha, ili mfanyakazi afike kazini asubuhi akiwa na akili zake. Mwanahistoria E. P. Thompson aliandika mwaka 1967 jinsi mafundi wa Uingereza walivyokuwa na mazoea ya kupumzika na kunywa Jumatatu, mpaka nidhamu ya kiwanda ilipoyaondoa polepole. Mantiki ni ile ile: kunywa kuhamishwe kutoka saa za kazi. Basi kukahamia kwenye saa pekee zilizobaki, zile zinazopakana na kitanda.

Uhuru ulipokuja, bia ya chupa mezani ilikuwa na maana kuliko kileo kilichomo ndani. Ilikuwa alama ya mtu asiyekatazwa tena. Lakini ratiba haikubadilika. Kenya ilipopitisha sheria ya kudhibiti vileo mwaka 2010, ile ambayo watu waliipachika jina la mbunge John Mututho, baa ziliruhusiwa kufunguliwa siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Sheria ile ile ilihalalisha chang'aa ili iweze kudhibitiwa. Nia ilikuwa kupunguza madhara, na sina ugomvi nayo. Lakini itazame kama ramani ya siku: inakuonyesha kwamba mahali pa pombe katika maisha ya mtu wa kisasa ni saa sita za mwisho kabla ya kulala.

Waandishi na usiku wao

Sisi wapenzi wa vitabu tuna mashahidi wetu. Samuel Mushi alipoutafsiri Macbeth kwa Kiswahili mwaka 1968, alituletea tamthilia ambayo, ukiitoa siasa, inabaki ya mtu aliyepoteza usingizi. Walinzi wa mfalme wanaleweshwa ili walale fofofo mauaji yafanyike. Baadaye bawabu mlevi anataja yale ambayo pombe humfanyia mtu, na usingizi umo. Shakespeare aliijua nusu ya kwanza ya jambo hili vizuri: pombe inalaza. Walinzi wale walilala kweli.

Nusu ya pili imeandikwa na F. Scott Fitzgerald. Mwaka 1934 alichapisha katika jarida la Esquire insha kuhusu kukosa usingizi, na anadai kuwa kisa chake kilianza na mbu mmoja hotelini. Msomaji wa kwetu atacheka, maana mbu mmoja kwetu ni usiku wa amani. Lakini ndani ya insha hiyo kuna jambo linalopita kama utani: anasema kuwa wakati huo alikuwa anakunywa sana, na kwamba usiku ambao hakunywa ndio uliomtia wasiwasi, wasiwasi ulioanza muda mrefu kabla ya kupanda kitandani. Yaani mtu ambaye shida yake ni pombe anaogopa usiku usio na pombe. Alifariki mwaka 1940 akiwa na miaka 44.

Evelyn Waugh alikwenda mbali zaidi. Alikuwa anatumia dawa za usingizi zenye klorali na bromaidi, tena pamoja na pombe. Mwanzoni mwa mwaka 1954 alipanda meli kuelekea Ceylon, na humo akaanza kusikia sauti za watu wanaomsema na kumtishia. Hakukuwa na mtu. Daktari alipombadilishia dawa, sauti zikanyamaza. Tukio hilo akalifanya riwaya, The Ordeal of Gilbert Pinfold, iliyotoka mwaka 1957. Miaka miwili baadaye alikuwa Tanganyika akikusanya habari za kitabu kingine cha safari.

Mtoto aliyefungwa nyaya

Kwa nini watu wenye akili kiasi hiki hawakuona kilichokuwa kinaendelea? Kwa sababu mtu aliyelala ni shahidi mbaya wa usingizi wake. Anakumbuka alivyolala upesi, hakumbuki kilichofuata.

Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ni miongoni mwa wa kwanza kulichukulia jambo hili kama kazi ya maisha. Mwaka 1938 alikaa na mwanafunzi wake Bruce Richardson siku 32 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28 badala ya 24. Mnamo mwaka 1953 yeye na mwanafunzi mwingine, Eugene Aserinsky, walichapisha ugunduzi uliobadili kila kitu: kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya aliyelala yanakwenda mbio chini ya kope huku ubongo ukichangamka, na ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi atakusimulia ndoto. Mmoja wa watu wa kwanza waliofungwa nyaya usoni kwa ajili ya kazi hiyo alikuwa mtoto wa Aserinsky mwenyewe, Armond.

Baada ya hapo usiku ukawa na ramani. Usingizi mzito huwa mwingi nusu ya kwanza, usingizi wa ndoto huwa mwingi nusu ya pili, na mzunguko mmoja huchukua kama dakika 90. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti wakaanza kuwapa watu pombe kabla ya kulala na kutazama ramani inavyoharibika. Picha iliyopatikana imerudiwa mara nyingi. Pombe inaharakisha kulala na kuongeza usingizi mzito mwanzoni, huku ikiubana usingizi wa ndoto. Mwili ukishaimaliza, mambo yanageuka: usingizi unakuwa mwepesi na kukatikakatika, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mkojo unabana. Koo lililolegea linaongeza kukoroma.

Tupige hesabu, maana hapa ndipo baa inakutana na kitanda. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kileo. Mwili wa mtu mzima huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kila mtu na mwili wake. Chupa tatu ni gramu 60, yaani saa sita hadi nane na nusu hivi. Ukianza saa moja jioni, kileo kinakwisha kati ya saa saba na saa tisa na nusu usiku. Sasa jiulize huwa unazinduka saa ngapi.

Ndiyo maana nauita usingizi wa mkopo. Saa tatu za mwanzo unazipata kwa urahisi, ukifurahi kama mtu aliyepokea pesa kwenye simu. Deni linadaiwa usiku wa manane, na lina riba.

Deni linapolipwa

Hapa ndipo anayepunguza anapohitaji kuelewa kinachomtokea. Ubongo uliozoea kulazwa na pombe kila jioni umejipanga upya kuikabili: umeongeza nguvu ya kukesha ili kusawazisha. Ukiondoa pombe, ile nguvu ya kukesha inabaki peke yake kwa muda. Ndoto zilizobanwa zinarudi kwa fujo. Kwa hiyo usiku wa kwanza bila bia kuwa mbaya kuliko usiku wenye bia hakuthibitishi kwamba bia ilikuwa dawa. Ni deni linalipwa. Kwa mnywaji wa kawaida hali hutulia baada ya siku au wiki chache. Kwa aliyekunywa sana kwa miaka mingi, usingizi unaweza kusumbua kwa miezi.

Na kuna mpaka ambao historia iliuona mapema. Mwaka 1813 daktari wa Kiingereza Thomas Sutton aliupa jina ugonjwa wa kutetemeka na kuweweseka unaowapata walevi wa muda mrefu, hasa wanapoacha ghafla. Kukosa usingizi ni moja ya dalili zake za mwanzo. Ugonjwa huo unaua. Anayekunywa sana kila siku, anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate kidogo, asiache kwa mkupuo mmoja kwa ushujaa. Aende kwa daktari kwanza. Hili si suala la nia.

Wahadzabe na saa nane usiku

Kuna ushahidi mmoja wa nyumbani unaonipa moyo. Mwaka 2015 watafiti waliopima usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, walichapisha matokeo yao. Watu hawa, wasio na taa za umeme, walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku, na hawakulala mara jua linapozama bali zaidi ya saa tatu baadaye. Malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa machache mno. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliowafuatilia Wahadzabe 33 kwa siku 20, ulikuta kwamba katika muda wote huo kulikuwa na dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Usiku wowote ule, karibu kila wakati, yupo aliyekuwa macho.

Maana yake kwangu ni hii: kuzinduka saa nane usiku si ugonjwa peke yake. Binadamu wamekuwa wakizinduka, wakikoleza moto, wakisikiliza giza, wakirudi kulala. Sisi tuna simu inayowaka pembeni na hesabu ya saa zilizobaki kabla ya kazi, na ndiyo maana kuzinduka kunatutisha. Bia inaahidi kuifuta saa hiyo, kumbe inaikoleza.

Kama bia ya jioni ilijengwa na ratiba, basi kuipunguza ni kazi ya ratiba kuliko ya ushujaa. Babu aliyekunywa mbege siku ya mahari hakuwa na nia ya chuma kuliko wewe. Alikuwa na jioni nyingine nyingi zilizojaa vitu vingine: watu, moto, hadithi, kazi za mikono. Sisi tulirithi jioni iliyoachwa tupu na mwajiri, ikajazwa chupa.

Kwa upande wangu nimeanza na saa. Anayetaka kukutana nami namwambia tuonane Jumamosi mchana, kwenye chakula, na bia ikiwepo mwili una muda wa kuimaliza kabla ya giza. Siku za kazi, saa moja hadi saa tatu usiku natembea kwa miguu, nasoma, au nakwenda kukaa kibarazani kwa shangazi ambaye ana habari za mtaa mzima. Usiku bado nazinduka mara mojamoja. Siangalii saa. Nasikiliza mbwa wa mtaa wakijibizana, na mara nyingi wao ndio wanaotangulia kunyamaza.